Kifaranga Afike Sokoni: Kuwakinga Kuku wa Kienyeji na Mwewe, Kicheche na Nyoka

Maelezo ya afisa ugani mifugo, yaliyotolewa Mchafukoge, Dar es Salaam, mbele ya wafugaji walioleta kuku kuuza katika masoko ya Kisutu na Kariakoo. Tumeyachapa kama yalivyosemwa, kwa kuyapunguza kidogo.

Najua wengine mmeshuka kwenye basi alfajiri na matenga yenu bado yako Kisutu yanasubiri kuhesabiwa, kwa hiyo sitawaweka sana.

Kwanza tazameni pale nje, kwenye nyaya za umeme. Mnawaona wale weusi wembamba wenye shingo ya kijivu? Wale ni kunguru wa hapa mjini, siyo yule kunguru wenu wa kule porini mwenye kifua na ukosi mweupe. Asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka za mji. Takataka walikula, lakini walikula na mayai, na makinda ya ndege wengine, na vifaranga. Baadaye wakavuka bahari, na leo Dar es Salaam nzima ni yao.

Ukitaka kujua kazi yao, mwache kuku na vifaranga wake uani, hapa Mchafukoge au kule Kariakoo, halafu uingie ndani kunywa chai. Wanakuja wawili. Mmoja anatua mbele ya mama kuku na kumchokoza. Mama anamfukuza, mbawa zimetanda, anadhani ameshinda. Mwenzake anatua nyuma na kuondoka na kifaranga. Kabla chai haijapoa wameondoka na wawili.

Kwa hiyo watu wa mjini wanaofuga kuku uani wamejifunza jambo moja kwa uchungu: kifaranga wa mwezi wa kwanza hatoki nje bila kufunikwa. Na hilo ndilo neno langu la leo kwenu ninyi mnaofuga kuku wa kuzurura kwenye boma. Mengine nitakayosema ni maelezo yake tu.

Jana nilipita Kisutu nikakuta mama mmoja wa kifugaji ana tenga la kuku kumi na wanane, kuku wazuri kweli. Nikamuuliza, mama, hawa kumi na wanane wametokana na vifaranga wangapi? Akacheka. Akasema, mwanangu, nani anahesabu vifaranga? Ndama akiliwa na fisi boma zima linaamka, vijana wanachukua mikuki, wazee wanaitwa. Kifaranga akichukuliwa na mwewe, mtoto anapiga kelele mara moja, halafu kila mtu anaendelea na kazi yake.

Ndiyo hivyo, lakini tuhesabu leo. Kuku wa kienyeji anataga mayai kama kumi na mawili au kumi na tano, anaatamia siku 21, anaangua tuseme kumi. Kwenye maboma mengi niliyotembelea, baada ya miezi miwili unakuta wamebaki watatu, wakizidi sana wanne. Kuku huyo akiangua mara tatu kwa mwaka, mama amepata kuku tisa wa kukua. Kama wangebaki saba kila mara angepata ishirini na mmoja. Kuku ni huyo huyo na jogoo ni huyo huyo. Tofauti yote iko kwenye zile wiki nne au sita za mwanzo. Na fedha ya kuku kwenye boma, sote tunajua, ni ya mama: ndiyo madaftari, sukari, na nauli ya kwenda zahanati. Mwewe haibi kwenye zizi la mzee, anaiba kwenye mfuko wa mama. Labda ndiyo maana kikao hakiitwi.

Sasa, kabla ya kujikinga lazima umjue mwizi. Wengi wanasema "mwewe" kwa kila kifaranga anayepotea, na mwewe anabeba lawama za wengine. Mwewe na kipanga wanakuja mchana, wanachukua mmoja, na hawaachi kitu chini isipokuwa pengine unyoya. Ukikuta asubuhi kuku watatu au wanne wamelala ndani ya banda wameng'atwa shingo au kichwa na hawakuliwa sana, huyo ni kicheche, kanu au nguchiro. Anaua kuliko anavyoweza kula. Ukikuta manyoya yametapakaa kwa mstari kuelekea kichakani, fikiria mbweha au paka mwitu. Mayai yakipotea yote bila ganda hata moja, mtafute nyoka, au kenge kama mko karibu na korongo lenye maji. Vifaranga wakipungua mmoja mmoja usiku na kuna matundu pembeni mwa ukuta, ni panya; wengi hawaamini kwamba panya anaburuta kifaranga, lakini anaburuta. Na banda likivunjwa kabisa, fito zimeng'olewa na ardhi imechimbwa, huyo ni nyegere, na huyo usimkabili usiku na fimbo, ana hasira kuliko ukubwa wake.

Siafu nawataja peke yao kwa sababu wanasahaulika. Mvua zikianza wanahama, na kuku anayeatamia hakimbii, anabaki juu ya mayai yake mpaka mwisho. Kiota kiwe juu ya kichanja, na kila mguu wa kichanja usimame ndani ya kopo lenye oili chafu. Ongeza oili kila baada ya mvua, maana kopo likijaa maji na majani siafu wanatembea juu yake.

Tuje kwenye tenga. Tenga mnalo. Ni hili hili mnalosafirishia kuku kuja mjini, la fito au mianzi. Likigeuzwa mdomo chini ni nyumba ya kifaranga. Siku ya kuangua, mama na watoto wake wakae chini ya tenga, kivulini, juu ya ardhi kavu. Weka jiwe juu ili mbwa au mbuzi asilipindue. Nafasi kati ya fito iwe nyembamba, kidole kimoja tu kipite. Wiki ya kwanza hawatoki. Wiki ya pili mpaka ya nne wanatoka kwa saa maalum, halafu wanarudi.

Na saa hizo nitawaambia. Mwewe ni ndege wa kuelea juu, anasubiri ardhi ipate moto hewa imwinue. Asubuhi na mapema, kabla ya saa tatu, hajaanza kazi vizuri. Kwa hiyo wafungulie vifaranga kukishapambazuka vizuri, wachakure, na saa tatu warudi chini ya tenga. Wafungulie tena saa kumi jioni, na wawe ndani kabla jua halijazama, kwa sababu giza likiingia zamu inahama kwa kanu na kicheche. Kule ambako kunguru wameshafika hata asubuhi mtoto awepo na fimbo. Kazi hiyo anaiweza hata mtoto mdogo ambaye bado hajaanza kuchunga ndama.

Mtauliza, wakifungiwa watakula nini? Ndipo wengi wanaposhindwa: anafunika vifaranga, hawalishi, wanadhoofika, anasema tenga halifai. Kifaranga aliyefungiwa analishwa na wewe. Pumba ya mahindi au mtama uliopondwa, mabaki ya ugali, dagaa kidogo waliosagwa mkiwapata, na mchwa. Mchwa mnao wengi kuliko mtu yeyote. Chukua chungu kilichovunjika mdomo, jaza samadi kavu na majani makavu, nyunyizia maji, kifunike kichwa chini juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi unakikung'uta mbele ya tenga. Maji weka kwenye kisahani chenye mawe madogo ndani, kifaranga asizame. Tena ukitengeneza tenga la pili lenye mlango mdogo ambao kifaranga anapita na kuku mkubwa hapiti, chakula kinakuwa cha watoto peke yao, na mama anarudi kutaga mapema.

Baada ya mwezi wanaanza kuzurura, na hapo ninyi mna utaalamu kuliko mimi. Nani atawafundisha Wamasai, Wamang'ati au Wagogo kukata miiba? Weka vichaka vya matawi ya mgunga hapa na pale kwenye uwanja wa boma, vimeinuliwa kidogo kwa mawe ili kuku aingie chini. Mama kuku akiona kivuli cha mwewe anatoa ule mlio wake na watoto wote wanakimbilia chini. Mwewe hashuki kwenye miiba, anathamini mbawa zake. Boma lililofyekwa likawa jeupe kama uwanja wa mpira ni zuri kwa macho, lakini kwa kifaranga hakuna pa kujificha.

Kuna wanaopaka vifaranga rangi nyekundu au zambarau. Kuna wanaotundika makopo, vitambaa na zile santuri zinazong'aa. Sizikatazi. Ila ndege si mjinga, kitu kikikaa mahali pamoja anakizoea, kwa hiyo hamisha kila baada ya siku chache. Rangi sijaona ikidumu. Kanga wa kufugwa wana msaada zaidi: wakiona kitu kigeni wanapiga kelele boma zima linasikia. Na jogoo mzuri msimuuze haraka, yule mwenye macho ya kutazama juu kila mara. Najua Kisutu wanampenda kwa uzito wake.

Usiku ni habari nyingine, na hapa nitaungama kosa langu. Nilipoanza kazi, katika wilaya moja ya Mkoa wa Morogoro, nilimshauri mama mmoja ajenge banda kwa wavu wa kuku, ule mwembamba wa matundu ya pembe sita. Aliuza mbuzi akanunua wavu. Banda likapendeza, nikalipiga picha. Haikupita wiki tatu, asubuhi moja akanipigia simu niende. Kuku walikuwa wamelala wameegemea wavu, kama kuku wanavyopenda, na mnyama alipitisha mkono kwenye matundu akawavuta mmoja mmoja. Kumi na mmoja. Wengine walikuwa hai bado, hawana mguu au bawa. Yule mama hakunigombeza, alinikaribisha maziwa tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Wavu ule unamzuia kuku asitoke. Haumzuii mnyama asiingie. Tangu siku hiyo nashauri banda la fito zilizobanana na kukandikwa udongo kwa chini, lililoinuliwa juu ya nguzo kiasi cha mita moja. Kila nguzo ivikwe bati laini kama soksi, panya na nyoka wateleze. Sakafu iwe ya fito zenye nafasi ndogo, kinyesi kidondoke chini mkakizoe kwa bustani. Hewa ipite juu karibu na paa, na kama mnaweka wavu hapo, weka wenye matundu madogo kiasi kwamba kidole hakipiti. Ngazi iondolewe usiku. Mlango ufungwe na mtu anayejulikana kwa jina, siyo "watoto watafunga". Chaga za kulalia ziwe katikati ya banda, mbali na kuta. Mnyunyizie majivu pembeni kwa ajili ya utitiri.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kuliko mlivyonisikiliza mpaka hapa.

Kuna watu wanaomaliza hasira yao kwa sumu. Anachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ya kuulia wadudu shambani, anapaka kwenye kipande cha nyama au ndani ya yai, anaacha njiani kwa ajili ya mbweha au kicheche. Nimekwenda kwenye boma ambalo kijana alifanya hivyo. Mbweha sikumuona. Niliona mbwa wanne wa boma wamekufa, mate yamejaa mdomoni, miguu imekakamaa. Walikula chambo kabla ya mbweha. Wiki iliyofuata fisi aliingia zizini, kwa sababu hapakuwa na wa kubweka. Hasara ya kifaranga iligeuka kuwa hasara ya mbuzi.

Na haiishii hapo. Mzoga wenye sumu unaliwa na tumbusi, nao wanakufa wengi kwa mara moja, na hao ndio wanaosafisha mizoga kwenye malisho yenu bila kudai mshahara. Kuku naye anadonoa kila kitu. Akidonoa chambo kidogo akazubaa, mwenyewe anasema huyu anaumwa, tumuwahishe mjini. Anaingia kwenye tenga. Anafika hapo Kisutu. Jioni mtoto wa mtu wa Mchafukoge anakula supu yake. Sitaki mtu yeyote katika chumba hiki awe mwanzo wa safari hiyo. Kuku aliyekufa au aliyezubaa karibu na mahali palipowekwa sumu hauzwi, haliwi, hapewi mbwa. Anachimbiwa shimo refu.

Kwa upande huo huo: kuku wanawala kupe kwenye zizi, na ni msaada mkubwa. Lakini siku mliyoogesha ng'ombe, kupe wanaoanguka wana dawa. Siku hiyo na inayofuata kuku wasiachwe kudonoa chini ya ng'ombe. Na chupa ya dawa ikikwisha itobolewe, isigeuzwe chombo cha maji ya kuku wala ya maziwa.

Kuhusu sheria nasema kwa kifupi: tunayo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuua mnyamapori bila kibali ni kosa. Mnyama akizidi kusumbua, pelekeni habari kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa halmashauri. Najua wakati mwingine wanachelewa. Bado ni bora kuliko kijana kulala mahabusu kwa ajili ya nguchiro.

La mwisho kabla ya maswali. Si kila kifaranga aliyechukuliwa alikuwa mzima. Mwenye kideri au ndui anasinzia, anabaki nyuma, mama anakimbia na wenzake na yeye anabaki uwanjani. Mwewe anachukua huyo. Chanjo ya kideri ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, ni tone moja la jicho, inarudiwa kila miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa isiachwe juani. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani mchangiane na mchanje siku moja.

Maswali

Mama mmoja aliuliza: mtoto wangu aliweka mtego akamkamata nguchiro, alipomtoa akang'atwa kidole. Jeraha limekauka. Kuna neno?

Jibu: Lipo, na ni kubwa. Nguchiro, mbweha, kicheche na mbwa wote wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mnyama wa porini anayeingia bomani mchana bila woga ni wa kuogopwa zaidi. Aking'ata mtu, osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, halafu nenda hospitali upate chanjo. Jeraha kukauka si dalili ya kupona, ugonjwa unaweza kukaa wiki au miezi kabla ya kuonekana, na ukishaonekana hakuna dawa. Mama, usisubiri kurudi nyumbani. Piga simu sasa hivi mtoto apelekwe leo.

(Mama alitoka nje kupiga simu. Baadaye alirudi na kusema mtoto yuko njiani na baba yake kwenda hospitali ya wilaya.)

Mzee mmoja aliuliza: nyoka anaingia kwenye viota na wanawake wanaogopa kuokota mayai. Tufanye nini?

Jibu: Inueni viota, fyekeni majani na ondoeni rundo la kuni na mawe karibu na banda, hapo ndipo nyoka na panya wanapokaa, na panya ndio wanaomwita nyoka. Mayai yaokotwe mchana, kwa kutazama kwanza, asiingize mtu mkono gizani. Usiku lazima tochi na viatu. Swila akitema mate machoni, osha kwa maji safi mengi, usisugue, nenda hospitali. Aking'ata, msikate wala msifunge kamba ya kukaza. Mgonjwa atulie, mguu au mkono usitikisike, abebwe kupelekwa hospitali. Kuku atakaeatamia mwekeeni yai moja lenye alama ya mkaa. Likipotea, mjue mgeni alishafika, na hamisheni kiota siku hiyo hiyo.